Kutoka Kigego hata Mtoto Mwenye Ualbino: Historia ya Maneno Aambiwayo Mzazi juu ya Umbo la Mwanawe

Mwanamke ajifunguapo salama, jamaa na majirani humpa maneno mawili: pole na hongera. Pole ni ya uchungu uliopita, na hongera ni ya mtoto aliyekuja. Maneno haya hufuatana kama miguu miwili ya mtu aendaye, wala hakuna ayatafakariye, kwa kuwa ni mazoea. Lakini azaliwapo mtoto ambaye umbo lake si la kawaida, mdomo umepasuka, au vidole ni sita, au ngozi haina rangi, mazoea hayo hukatika. Mkunga husita. Wageni hutazamana. Hongera hubaki kooni, na pole hutolewa peke yake, mara nyingine kwa sauti ya matanga. Tangu saa hiyo mzazi hujua kwamba kuna neno ambalo bado hajaambiwa.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya neno hilo: lilikuwa neno gani zamani, limekuwa neno gani leo, na limepita wapi katikati. Habari hii ina sehemu ya utabibu na sehemu ya desturi, lakini hasa ni habari ya lugha. Umbo la mtoto huonekana na kila mwenye macho. Mzazi hupokea umbo hilo pamoja na jina lake, na jina ndilo analokwenda nalo nyumbani. Itaonekana kwamba maneno ya namna hii yamekuwa ya aina tatu. Kuna maneno ya utabiri, kuna maneno ya mfano, na kuna maneno ya maelezo. Kando ya hayo kuna jambo la nne, ambalo ni kunyamaza, na madhara yake hayapungui madhara ya neno baya.

I. Maneno ya utabiri

Neno lililo maarufu kuliko yote katika Kiswahili cha zamani ni kigego. Asili yake ni gego, yaani jino la nyuma la kutafunia. Neno hilo limo katika kamusi za karne ya 19, na limo katika kamusi kubwa ya Kamati ya Lugha iliyotoka mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson. Kigego alikuwa mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au aliyezaliwa na meno, au aliyekuja duniani na alama nyingine ya mwili iliyodhaniwa kuwa ishara ya msiba. Karibu yake lipo neno timvi, ambalo nalo ni mtoto wa ndege mbaya, na kisirani, ambalo maana yake imeenea hata kwa watu wazima na kwa siku zisizo na bahati.

Msomaji akiyatazama maneno haya kwa makini ataona jambo moja. Hakuna hata moja linalomwambia mzazi mwanawe ana nini. Mama aliyeambiwa kwamba mtoto ameota meno ya juu kwanza angeweza kuuliza: Je, yatamdhuru? Ataweza kunyonya? Mama aliyeambiwa kwamba amezaa kigego hakuwa na la kuuliza, maana jibu lilikwisha kutolewa. Neno liliruka juu ya mwili wa mtoto likatua juu ya siku zijazo za watu wengine: baba atakufa, mifugo itapotea, mvua itakataa. Kwa hiyo hukumu ilifuata jina upesi sana. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki mtoto wa namna hiyo aliuawa, au alitupwa mwituni, au alitolewa akalelewe mbali na wazazi wake.

Leo inajulikana kwamba meno ya kwanza ya mtoto hutokea aghalabu chini mbele, katika mwezi wa 6 au karibu na hapo, na kwamba wapo watoto ambao huanza na meno ya juu bila ya ugonjwa wowote. Kuzaliwa na jino ni jambo la nadra, lakini hutokea katika mataifa yote. Watoto waliopotea kwa neno kigego walipotea kwa jambo ambalo halikuwa hata maradhi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Waafrika wa zamani walikuwa na utabiri mbaya tu. Wasukuma na Wanyamwezi waliyapa majina maalumu mazazi yasiyo ya kawaida. Mapacha huitwa Kulwa na Doto. Afuataye baada ya mapacha huitwa Shija. Aliyetanguliza miguu huitwa Kashinje au Kashindye. Majina haya hukumbusha jambo lililotokea siku ya kuzaliwa, tena humpa mtoto mahali pake katika ukoo. Mtu mzima aitwaye Doto hutembea mjini na jina lake bila ya aibu. Tofauti baina ya kigego na Doto ni kwamba la kwanza hueleza mtoto atawafanya watu nini, na la pili hueleza mtoto alikuja vipi. Lugha zetu zilijua njia zote mbili.

II. Kilema, na swali la ngeli

Neno la pili lililodumu ni kilema. Hili ni la Kibantu hasa, nalo ni ndugu wa kitenzi kulemaa. Katika matumizi yake ya zamani lilisimama kwa mambo mawili: kasoro yenyewe iliyo mwilini, na mtu aliye nayo. Watu walisema kwamba fulani ana kilema cha mguu, na watu walewale walisema kwamba fulani ni kilema. Sentensi hizi mbili zinakaribiana kwa sauti lakini zimetengana kwa maana. Katika ya kwanza mtu ni mkubwa kuliko mguu wake. Katika ya pili mguu umemmeza mtu.

Siku hizi husemwa mara nyingi kwamba kosa la maneno kama kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo na kigego limo katika ngeli ya ki na vi, ambayo ni ngeli ya vitu, na kwamba Waswahili waliwahesabu watu hawa kuwa vitu. Hoja hii ina nguvu kwa msikilizaji, lakini haina budi kupimwa. Kwanza, maneno hayo hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: husemwa kipofu amekuja, wala si kipofu kimekuja. Pili, katika ngeli hiyohiyo wamo kijana, kiongozi na kiumbe, na hakuna aonaye kwamba kiongozi amedharauliwa kwa kiambishi chake. Tatu, ngeli hii hubeba pia maana ya udogo, na udogo kwa Mswahili huweza kuwa wa dharau na huweza kuwa wa mapenzi.

Basi kiambishi peke yake hakimtii mtu hatiani. Kosa li katika sarufi ya sentensi, yaani katika neno ni. Kusema mtoto huyu ni kilema ni kumfanya mtoto na alama yake kuwa kitu kimoja. Hata neno jipya mlemavu, ambalo limejengwa kwa kiishio cha hali kama mchovu na mwerevu, na ambalo lilipokewa kwa furaha kwa sababu limo katika ngeli ya watu, halikuliondoa kosa hilo kabisa. Ndiyo sababu sheria iliyopitishwa Tanzania mwaka 2010 ilitumia jina refu zaidi, watu wenye ulemavu. Neno wenye limemtenga mtu na alama yake kama mtu atenganishwavyo na nguo yake. Wala halikuletwa kutoka nje: Mswahili amesema mwenye njaa, mwenye mali, mwenye mji tangu zamani.

Hekima ya wenyeji ilikwisha tangulia katika jambo hili. Methali isemayo Hujafa hujaumbika inafundisha kwamba umbo la mwanadamu halijakamilika mpaka siku ya kufa kwake, na kwamba aliye mzima leo hana hakika ya kesho. Nyingine yaonya: Mcheka kilema hafi bila ya kumfika. Methali hizi zilitungwa kwa sababu watu walicheka. Lakini zinaonyesha pia kwamba wapo waliowakataza.

III. Maneno ya mfano

Huenda msomaji akadhani kwamba ujinga ulikuwa upande wa kigego, na kwamba elimu ya Ulaya ilikuja na maneno yaliyo safi. Historia haikubali. Waganga wa Ulaya waliacha utabiri, ni kweli; lakini mahali pake waliweka mfano, nao mfano una ukali wake.

Mwaka 1866 daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Earlswood ya kuwalelea watu wenye akili pungufu, alitoa makala ya kuwapanga watu hao kwa kuwafananisha na mataifa ya dunia. Aliona kundi moja la watoto waliofanana wao kwa wao kuliko walivyofanana na ndugu zao: uso mpana, pua ndogo, macho yaliyoinuka pembeni. Akawafananisha na Wamongolia. Down hakuwa na nia ya kuwatukana. Alidhani kwamba ikiwa mtoto wa Kiingereza aweza kuzaliwa na sura ya taifa jingine, basi hiyo ni hoja ya kwamba wanadamu wote ni jamii moja. Nia ilikuwa hiyo. Jina likawa jingine. Kwa muda wa karibu miaka 100 wazazi waliambiwa hospitalini kwamba mtoto wao ni Mmongoli, na taifa zima la Asia likafanywa jina la ugonjwa.

Mifano mingine ilifuata. Mtoto ambaye mdomo wake wa juu umepasuka alihesabiwa kuwa na mdomo wa sungura, katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na hata Kilatini. Na wako watu wa Ulaya walioamini kwamba mama alikatiwa njia na sungura wakati wa mimba. Kiswahili nacho kina mdomo wa sungura hata leo. Mstari mmoja unaokata kiganja cha mkono kutoka upande hata upande, ambao huonekana pia katika watu wengi wazima wa afya, uliitwa mstari wa nyani. Mwaka 1936 ugonjwa mmoja wa kurithi, ambao hukuza mifupa na sura ya mtoto kwa namna isiyo ya kawaida, uliitwa kwa jina la sanamu za kutisha zilizochongwa juu ya paa za makanisa makuu ya Ulaya. Mwaka 1965 Harry Angelman, daktari wa watoto huko Uingereza, aliandika habari za watoto watatu waliotembea kwa kutikisika na kucheka mara kwa mara. Alikuwa ameona Verona picha ya Giovanni Francesco Caroto, ya mtoto mwenye kikaragosi, akawaita watoto wake wa vikaragosi.

Ziko pia alama ambazo si ugonjwa hata kidogo. Watoto wengi wa Afrika na Asia huzaliwa na madoa ya rangi ya buluu au kijivu mgongoni na matakoni, ambayo hufifia wakuapo. Erwin Bälz, daktari Mjerumani aliyefundisha Japani, aliyaandika mwaka 1885, nayo yakaitwa madoa ya Kimongolia. Katika nchi ambazo madoa haya hayajulikani sana, imetokea mzazi kudhaniwa kwamba amempiga mtoto. Jina lililojaa taifa la watu halikumsaidia mtazamaji kujua kwamba anatazama rangi, wala si pigo.

Katika hospitali nyingi zilizotumia Kiingereza palikuwa na desturi mbaya kuliko hizi. Daktari aliyeona mtoto mwenye sura asiyoifahamu aliandika katika karatasi zake herufi tatu, kifupi cha maneno yenye maana ya mtoto mwenye sura ya kuchekesha. Mzazi hakutazamiwa kuzisoma. Desturi hiyo ililaumiwa baadaye, na haki ilikuwa na wenye kulaumu, maana neno aandikalo mtu pasipo kuonekana ndilo litakalokuwa usoni pake aingiapo chumbani kusema na mama.

Basi utabiri na mfano vyafanana katika jambo moja. Kigego kilimwambia mzazi atazame msiba. Mdomo wa sungura humwambia atazame mnyama. Vyote viwili humwondoa macho juu ya mtoto wake.

IV. Maneno ya maelezo

Mabadiliko yalianzia penye ujuzi. Mwaka 1956 ilithibitishwa kwamba chembe hai za mwanadamu zina kromosomu 46. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, pamoja na Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris, walitangaza kwamba watoto aliowaeleza Down wana kromosomu 47, kwa kuwa ile ya 21 imezidi moja. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba sura yao ni ya taifa jingine. Mwaka 1961 wataalamu kadhaa, miongoni mwao Lejeune na Lionel Penrose, na mjukuu wa Down mwenyewe, waliandika katika jarida la Lancet wakitaka jina la zamani liachwe. Mwaka 1965 wajumbe wa Mongolia waliliomba Shirika la Afya Duniani lisilitumie tena, na shirika likakubali. Hivyo ndivyo lilivyoshika jina la sindromu ya Down.

Yafaa kuangalia ni nani waliolifukuza jina hilo. Ujuzi ulifungua mlango, lakini walioingia ni wenye jina: taifa lililotajwa bila ya ruhusa yake. Hali ni hiyohiyo katika habari ya watoto wa Angelman. Jina la vikaragosi liliwachoma wazazi, na mwaka 1982 likapendekezwa mahali pake jina la daktari. Historia yaonyesha kwamba maneno ya namna hii hayafi kwa uzee. Hufa wenye kuyabeba wanapopata sauti.

Katika miaka ya 1960 David Smith, daktari wa Marekani, aliipa elimu ya maumbo yasiyo ya kawaida jina la dismofolojia, kutokana na maneno ya Kigiriki. Na mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa katika jarida la Kimarekani la elimu ya urithi mfululizo wa makala ya kusanifisha maneno ya kueleza kichwa, uso, mikono na miguu. Mstari wa nyani ukawa mstari mmoja wa kukata kiganja. Macho ya Kimongolia yakawa macho yaliyoinuka pembeni. Kazi hiyo haina tofauti na ile iliyofanywa na kamati za lugha za Afrika Mashariki: watu waliketi mezani wakachagua neno moja kwa kila kitu, wakatupa yale yenye sumu.

Kiswahili kina njia pana katika kueleza kwa namna hii, kwa sababu vitenzi vyake huonyesha hali bila ya hukumu. Mdomo umepasuka, vidole vimeshikana, mguu umegeukia ndani, sikio halikukunjuka. Kila moja ni sentensi kamili, fupi, na mama asiyekwenda shule huifahamu. Majina ndiyo yenye hatari. Kasoro, kwa mfano, ni neno la saa: saa sita kasoro robo. Limpatapo mtoto humpima kwa kitu kizima ambacho yeye amepungukiwa nacho. Hitilafu lina historia ya kusikitisha zaidi. Asili yake katika Kiarabu ni kutofautiana, na maana hiyo Kiswahili kilikuwa nayo. Lakini matumizi yameliteremsha likawa ubovu, kama hitilafu ya mashine. Neno tofauti limebaki katika maana yake ya haki, nalo ndilo lifaalo zaidi.

V. Kunyamaza

Ikiwa neno baya hudhuru, je, si bora kunyamaza? Wengi wamedhani hivyo, na katika desturi ya pwani, ambako tafsida huhesabiwa kuwa adabu, mawazo hayo yana mizizi. Mtoto husifiwa kwa kutanguliza Mashallah, aibu husitiriwa, habari nzito hupelekwa kwa bibi au shangazi kwanza ili amtafutie mama wakati. Hii ni adabu njema. Lakini ina mpaka, na mpaka huo haukuonekana wazi mahali popote kuliko katika habari ya watoto wenye ualbino.

Neno la zamani ni zeruzeru. Lilifuatana na imani kwamba mtu huyo si mtu hasa, kwamba hafi bali hutoweka. Imani hiyo yaweza kuonekana kama hadithi ya watoto, mpaka ikumbukwe kwamba tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino, na watoto wengi miongoni mwao, wameuawa na kukatwa viungo nchini Tanzania na katika nchi jirani kwa ajili ya uchawi. Neno linalosema kwamba mtu hutoweka humsaidia amtowekeshaye. Kwa hiyo kubadili zeruzeru kuwa mtu mwenye ualbino halikuwa jambo la mapambo ya lugha. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka watu hao duniani.

Lakini pembeni ya wasemao zeruzeru wapo wasiosema kitu. Mkunga mwenye huruma humwambia mama kwamba amepata mtoto mzuri, mweupe, asiwe na wasiwasi. Kisha humruhusu aende zake. Huruma hii ina gharama tatu. Ya kwanza ni ya ngozi: mtoto asiyekingwa na jua la nchi za joto huanza kuungua mapema, na saratani ya ngozi huweza kumpata angali kijana. Ya pili ni ya macho: mtoto hupelekwa shule akaketi nyuma, na asipoona ubao huitwa mjinga. Ya tatu ni ya nyumba: baba asiyeambiwa sababu hutafuta sababu yake mwenyewe, na wanawake wengi wameshitakiwa uzinzi na kuachwa, hali ukweli ni kwamba mtoto huyo hurithi hali yake kwa baba na mama pamoja. Ukweli huo husemwa kwa sentensi moja, na sentensi moja ingeiokoa ndoa.

Ndivyo ilivyo katika mambo mengine. Mtoto ambaye mdomo na kaakaa vimepasuka huenda asiweze kunyonya sawasawa, na mama asiyeonyeshwa namna ya kumlisha huweza kumpoteza kwa njaa kabla ya siku ya kupasuliwa. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na ila ya moyo, ambayo yataka kutazamwa mapema. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, husema wahenga. Lakini ulimi uliofungwa nao hujikwaa.

VI. Namna ya kusema

Kutokana na historia hii, mambo machache yaweza kutajwa kwa faida ya wanaoandaa maneno ya hospitali na wanaowafundisha wakunga na waganga.

La kwanza ni kueleza kinachoonekana, na kuacha kinachodhaniwa mpaka kipimwe. Mganga mwenye busara humtazama mtoto, kisha humtazama mama na baba. Masikio aliyoyaona kuwa ya ajabu huenda ni masikio ya baba, naye baba ameketi mbele yake akisikiliza. Kidole cha sita, ambacho ni cha kawaida sana miongoni mwa Waafrika na mara nyingi ni ngozi tu isiyo na mfupa, aghalabu kina historia ndefu katika ukoo. Kuuliza juu ya babu na shangazi huleta kicheko chema mahali palipokuwa na hofu.

La pili ni kusema na wazazi wote wawili ikiwezekana, wameketi, mtoto akiwa mikononi mwao, mbali na masikio ya wodi. Bibi au shangazi aweza kuwapo kama mama apendavyo, lakini isiwe kwamba mama ni wa mwisho kuambiwa habari za mwana aliyemzaa.

La tatu ni mpango wa maneno. Mfano wake waweza kuwa huu: Hongera, Mama, hongera, Baba. Mwanenu amezaliwa salama, naye ananyonya vizuri. Mtaona kwamba ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kuzuia jua, na macho yake hayapendi mwanga mkali. Hali hii huitwa ualbino. Ameirithi kwenu nyote wawili, wala hakuna aliyekosa. Akikingwa na jua na macho yake yakiangaliwa, atakua na kusoma na wenziwe. Mna neno la kuuliza?

Maneno haya hayana ufasaha wa kushangaza, wala hayautaki. Yameanza na pongezi iliyo haki ya kila mzazi. Yamefuata na maelezo ya kile ambacho macho yanaona. Jina limekuja baada ya maelezo, likiwa jina la hali, si la mtoto. Sababu imetajwa ili isibuniwe na majirani. Wajibu umetajwa ili mzazi apate kazi ya mikono yake. Mwisho limeachwa swali, ambalo neno kigego lilikuwa limeliziba.

Haikosi kwamba mama atalia. Maneno mema hayakusudiwi kuzuia machozi, na msemaji asiyaharakishe. Pole inaweza kusemwa wakati huo, kwa kuwa pole si tusi. Mama wa mtoto yeyote huambiwa pole. Kosa la siku zote lilikuwa kuitoa pole bila ya mwenzake. Katika mwendo wa historia hii, kutoka mtoto aliyetupwa mwituni kwa jina la jino lake hata mtoto aandikwaye leo katika daftari la kliniki, wazazi waliomba jambo dogo: waambiwe kweli juu ya mtoto wao na mtu aliyekwisha kukubali kwamba huyo ni mtoto. Kiswahili kina neno la kulionyesha hilo, na neno hilo ni hongera.